Saa Moja ya Pemba na Mafia Iliyonigombanisha na Mdogo Wangu

Thamesmead, London

Kwa Mkuu wa Mtandao wa Kupima Safari za Ndege,

Assalamu alaykum, na kama hukuzoea salamu hiyo, basi hujambo. Mimi ni Bi Siwema binti Makame. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini nikidanganywa najua bila ya cheti.

Nilipokuwa najitayarisha kwenda Pemba harusini, mjukuu wangu Raya alifungua mtandao wako. Ukasema Pemba hadi Mafia ni kilomita mia tatu kasoro, saa moja kwa ndege. Nikampigia mdogo wangu Bikombo, aliyeolewa Mafia: "Jumamosi pika, mwanakwetu. Natoka Pemba asubuhi, mchana nala kwako." Leo Bikombo hapokei simu yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege ya Pemba kwenda Mafia haipo. Kijana wa uwanjani alinicheka: "Labda uote mbawa, bibi." Kwanza niende Unguja, kisha Dar es Salaam, ndipo Mafia.

2. Saa yako ni ya kunguru arukaye moja kwa moja. Kunguru hana sanduku, wala halali kwa watu Dar es Salaam akingojea mvua ikatike.

3. Nilipandishwa kwenye mzani pamoja na mkoba wangu, ati ndege ni ndogo. Kilo zangu zikasomwa kwa sauti! Hata marehemu mume wangu hakuzijua. Hilo hukuliandika popote.

4. Hili ndilo kubwa. Kwetu mdogo hatii mkono sahanini kabla ya mkubwa wake. Bikombo alialika majirani, akapika wali wa nazi na pweza, akafunika kwa kawa, wakaningoja. Nazi haimngoji mtu. Nilifika siku ya pili, chakula kimechacha, wageni wamerudi kwao na njaa, naye amekaa mlangoni: "Ndiyo saa moja hiyo, dada?" Nikalala kwa jirani.

Basi mwandikie Bikombo kuwa mwongo ni wewe. Ukishindwa, lete hiyo ndege ya saa moja. Ukishindwa na hilo pia, kisogeze kisiwa cha Mafia hadi Pemba. Kwa maandishi umeshakisogeza, malizia kazi.

Usinijibu kwa Kiingereza. Raya ndiye atakayenisomea, naye husoma yanayompendeza tu.

Nisalimie mkeo, wazee wako na majirani zako wote. Aliyekufundisha hesabu usimsalimie, namtafuta mwenyewe.

Mimi, mwenye hasira za haki,
Bi Siwema binti Makame

Nyongeza: Bikombo amepiga sasa hivi. Amenisamehe, alhamdulillahi, tena anataka kuja kukaa nami hapa fletini miezi sita, na jiko lake la mkaa. Anauliza kutoka Mafia hadi London ni mbali kiasi gani. Tafadhali andika siku nne kwa ndege, na njiani hakuna chakula. Nimeshamwambia mtandao wako hausemi uongo.