Kuhusu Duka Letu la Kando ya Reli Ambayo Haijafika

Bugomora,
9 Agosti 1988

Ndugu Afisa Utamaduni,

Marahaba, mwanangu. Nimeitikia mapema kwa sababu najua tungeonana ungeniamkia. Sisi hapa hatujambo. Mimi mguu unauma kukiwa na baridi, lakini natembea. Binti yangu Kokuhirwa hajambo. Mtoto wake Felicitas ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu. Mzee Mbonimpa anayetusaidia shambani hajambo, anasema umsamehe kwa kucheka. Mwanangu Placidius hajambo mwilini, ila moyo wake uko Murongo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Jumatatu ya wiki iliyopita ulikuja na daftari kuandika majengo ya zamani ili yasibomolewe. Nikakuonyesha duka alilojenga baba mkwe wangu, marehemu Rwezaura, nikakuomba uandike: duka la kando ya reli. Ukatazama shamba la maharage, ukauliza, "Mama, reli yenyewe iko wapi?" Mzee Mbonimpa akakujibu, "Iko njiani." Watu wakacheka, ukafunga daftari, ukapanda pikipiki. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wazungu wa machimbo ya bati walipita hapa wakapiga vigingi vya reli ya kwenda Uganda. Baba mkwe akavuta kamba kufuata vigingi, akajenga. Duka liliwahi, reli ndiyo imechelewa. Sasa mtu akiwahi mkutanoni, aandikwe hakuhudhuria eti kwa sababu mwenyekiti hajafika?

2. Ulisema duka halina dalili ya reli. Mwanangu, hukulitazama. Baraza lina kimo cha mlango wa behewa, ngazi saba, ili magunia ya kahawa yasukumwe tu kuingia kwenye treni. Mlango mkubwa unatazama maharage, barabara imepewa mgongo. Dirisha dogo la tikiti lipo, lina nondo. Paa limetokezwa mbele hatua nne, abiria wasinyeshewe. Kwa miaka zaidi ya thelathini anayetaka chumvi anazunguka shambani, anapanda ngazi saba, ananunua, anashuka. Nani angevumilia hayo kama si stesheni? Na kati ya vigingi hatujapanda mgomba hata mmoja, baba mkwe alikataza. Tunapanda maharage, maana treni ikija yanang'olewa kwa siku moja. Majirani wana migomba hadi mlangoni, sisi tumeitunzia serikali njia yake bila kulipwa hata asante.

3. Placidius anataka kuezua bati zote azipeleke Murongo, pale mpakani, ajenge baa. Nikimkataza anasema, "Mama, hapa tunamngoja nani?" Ndiye mwanangu wa kiume pekee. Pale mpakani sijui vijana wanakula nini wala wanalala kwa nani. Mimi haniogopi, serikali anaiogopa. Ukiliandika duka, hatagusa hata msumari. Akikosa bati hana baa, asipokuwa na baa atakula nyumbani.

4. La nne lilikuwa zito, lakini niliinuka kuepua ndizi, nikarudi nimelisahau. Lihesabu hivyo hivyo.

5. Kama sheria inataka lazima reli iwepo, basi ileteni. Sitaki makubwa. Ya urefu wa duka inatosha, hatua ishirini na mbili. Maharage tutayavuna mapema. Treni si lazima, hata behewa bovu litafaa. Tena serikali ikishaweka hicho kipande itaona aibu kukiacha hakiendi popote, itakiunga na cha kwenda Uganda, na kingine cha kushuka hadi Tabora. Kwa hiyo ukiokoa duka moja umeokoa mkoa mzima, na wewe utapandishwa cheo, nami nitafurahi kama mama yako.

Nisalimie mkeo, watoto, karani wako, na yule fundi aliyekutengenezea pikipiki pale kwetu. Lori la kubeba bati linakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nitakuwa nakungoja nyuma ya duka, maana ukikaa barazani huoni barabara.

Mimi mama yako,
Adelgunda Rwezaura

Nyongeza: Placidius amenikuta naandika, akaisoma barua yote. Amefurahi mno. Anasema kama reli inakuja haezui kitu, na Murongo haina maana tena. Atapandia treni hapo hapo barazani mpaka Tabora, na Tabora ataunganisha ya Dar es Salaam. Ameshaanza kufua mashati. Mwanangu, Murongo ni mwendo wa baiskeli, hata Jumapili mtu anaweza kurudi kula. Reli usilete. Duka waache walibomoe, mwenye lori akipotea njia mwelekeze kwangu, na ngazi ya kupandia paani nitaazima mimi mwenyewe. Nijibu upesi kwamba umekataa.