Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Picha Zitakazorudishwa Kwao

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana jambo lenyewe si la kusomwa umesimama. Mimi ni mmoja wa wabebaji wa masanduku ya picha, yule mrefu uliyemwambia asiegemee ukuta.

Binti yangu anaolewa mwishoni mwa mwezi ujao, nyumbani kwetu, mbali sana na hapa. Niliomba ruhusa ya kwenda. Nyapara akasema pasipoti zetu zitabaki kabatini mpaka maonyesho yafungwe, na kwamba neno la mwisho ni lako. Nawe ukajibu, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba ofisi yako haina utaratibu wa kumrudisha kibarua kwao katikati ya maonyesho. Utaratibu uliopo ni wa kurudisha picha. Sikukasirika, Mheshimiwa. Nimeamua kuufuata huo utaratibu uliopo.

Shule niliiacha njiani, kwa hiyo naeleza kama nilivyofundishwa hapa hapa kazini. Ile picha ya nyumba yenye mvua inayopanda kutoka chini kwenda mawinguni, mimi na mwenzangu tunayemwita Kobe tulidhani imeletwa kichwa chini. Tukaigeuza, mvua inyeshe kama mvua. Nyumba ikasimama kwa paa, lakini tukasema hilo ni kosa la aliyeijenga. Ndipo msimamizi wa maonyesho, ambaye sisi humwita Mama Miwani, akatukusanya wote.

"Jamani, hamkukusudia," akasema. "Lakini hizi ni picha za surealisti."

"Hiyo ni nini, Mama, kwa lugha ya watu waliochoka?" Kobe akauliza.

Akatueleza. Vitu visivyojuana hukutanishwa mahali pamoja, vikachorwa kwa makini kana kwamba ndivyo vilivyo siku zote. Picha yenyewe hutoka ndotoni, kabla akili haijaamka kuikataza. Na ndani ya picha, hata litokee jambo gani, hakuna anayeshangaa.

Nilikuwa nimeshika ngazi. Nikahisi kama mtu anayesomewa jina lake. Malalamiko yangu, basi, ni haya:

1. Kuhusu vitu visivyojuana. Nyumba mliyotupangia zamani ilikuwa kliniki ya meno. Kiti cha mgonjwa kiligoma kung'oka sakafuni, na kwa kuwa mimi ndiye mrefu kuliko wote, nikapewa mimi kulalia. Nikigusa vibaya kikanyagio chake, kinanyanyuka na mimi. Ukutani kuna jino kubwa limechorwa likicheka. Taa ya daktari tunaning'inizia sufuria, na Kobe hunyolea ndevu kwenye kile kibeseni cha kutemea. Katika picha zako zote sijaona iliyopangwa vizuri hivyo, na hiyo yetu haina hata kamba ya kuzuia watu wasiiguse.

2. Kuhusu ndoto. Nikilala naota nyumbani. Mke wangu ananipakulia chakula, kisha ananiambia kwa sauti ya nyapara, "Shusha polepole, upande huu juu." Akili yangu haina nafasi ya kuikataza ndoto hiyo, kwani nayo inakuwa imeshapangiwa zamu.

3. Kuhusu kutoshangaa, na hapa naomba usome taratibu. Nyumbani kwangu mimi ni kichwa. Niko ndani ya simu, ukubwa wa kiganja, nimeegemezwa kwenye chupa ya chai karibu na kopo la sukari. Nasalimia, nagombeza, nabariki chakula nisichokila. Hakuna anayeshtuka kuona kichwa kinaongea mezani. Wakwe walipokuja kujitambulisha, nilipitishwa mkono kwa mkono kama sahani ya karanga. Babu mmoja akanitazama sana, kisha akamwuliza mke wangu, "Na mwili wake uko wapi?"

"Uko kazini," mke wangu akajibu.

"Haya. Kazi njema," akasema yule babu, akanipokeza kwa jirani yake.

4. Kuhusu siku ya harusi. Mke wangu ameshanishonea koti. Ameniarifu kwamba litavishwa kiti cha mbele, na mimi nitawekwa juu ya kola, nifungwe kwa utepe nisianguke. Nikauliza binti atashikwa mkono na nani akiingia.  Binti mwenyewe akasema, "Nitashika mkono wa koti, Baba." Aliyasema hayo huku akichambua mchele. Nakuuliza Mheshimiwa, kama mtu akikuletea picha ya bibi harusi aliyeshika mkono mtupu wa koti lililovalishwa kiti, utaitundika ukumbi gani?

5. Kuhusu matunzo. Sanduku la picha likifika hapa, halifunguliwi siku hiyo. Linaachwa lipumzike, lizoee hewa ya chumba. Mimi nilishuka kwenye basi nikapewa toroli la kulisukumia sanduku. Picha husafiri na msindikizaji wake, na huja mtu na tochi kukagua kila mkwaruzo, ili irudishwapo, mwenye mali asilalamike. Mimi nilifika na kucha zote za mkono na mgongo ulionyooka. Hayo hakuna aliyeyaandika.

Kwa hoja hizo naomba niingizwe katika kazi za surealisti zilizoazimwa. Mwenye mali ni mke wangu. Alikubali kuniazima kwa muda mfupi, na kisheria aliyeazima hurudisha. Sitakuwa msumbufu. Nimejipima katika sanduku la ile picha ya mwanamke mwenye kichwa cha mlango, nikaenea nikikunja magoti. Naomba tundu moja la hewa, na maneno "upande huu juu" yaandikwe kwa herufi kubwa, maana nawajua wenzangu wa upakuaji. Kobe amejitolea kunisindikiza. Nikifika, nipumzishwe kwanza siku nzima kabla ya kufunguliwa. Watoto waambiwe wasubiri.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie walinzi wa lango, mama wa mapokezi, fundi wa taa na madereva wote, na wageni waliokaa mbele ya picha bila kuzigusa. Nyapara naye msalimie, ingawa tunaonana kila siku.

Ni mimi mtumishi wako, mbebaji mrefu.

Nyongeza: Nilimpa Mama Miwani anisahihishie maandishi kabla sijakuletea. Aliisoma barua yote, akavua miwani. Kisha akasema, "Baba, pole. Hii si surealisti hata kidogo. Nenda nyumba yoyote wanayolala vibarua, utawakuta wanaishi hivi hivi. Hii ni picha ya uhalisia mtupu." Kwa hiyo hoja zangu zote tano zimeanguka, na naomba radhi kwa kukupotezea muda. Nabakiwa na swali moja tu: picha za uhalisia, nazo hurudishwa kwao?