Jina Lililofutwa Mapema

Jumatatu, 12 Machi 2001. Butembo.
Kompyuta imezimika tena. Mara nne leo! Programu ya kupeleka ujumbe kwa redio niliiandika mwenyewe, miezi mitano, na sasa inaniaibisha mbele ya Vagheni, anayeandika wateja kwenye daftari na kuwaita kwa kipaza sauti. Madame Kavira, mwenye ofisi, amesema ikiendelea kuzimika hadi Jumamosi, nafasi yangu ni ya Vagheni. Nimeisingizia jenereta. Hakuna aliyeamini.

Jumanne, 13 Machi.
Nimechoka. Hitilafu nimeiona. Mteja anaacha jina, ujumbe unaenda mji wa Beni, jibu linarudi, programu inamwita. Lakini jibu likichelewa, programu imeshafunga laini na kufuta jina. Jibu linamtafuta mtu asiyekuwepo, na mashine nzima inaanguka. Nimeiongezea dakika kumi za kungoja. Akili!

Jumatano, 14 Machi.
Jibu lilichukua dakika kumi na moja.
Mama Kaswera wa Vuhovi yuko kwenye benchi tangu asubuhi. Mwanawe Muyisa alipanda lori la Beni Jumapili, na jioni ile risasi zilisikika njiani. Kila mashine inapoanguka ananitazama mimi, si kompyuta. Inaniuma. Nilimwambia ni hali ya hewa.

Alhamisi, 15 Machi.
Mbinu mpya: nisifute chochote, nisifunge chochote. Hadi saa sita, salama! Saa saba mashine ikajaa, ikaganda. Mama Kaswera akaanza rozari upya.

Ijumaa, 16 Machi.
Nimechungulia daftari la Vagheni. Si wizi, ni kuangalia tu. Hafuti jina mpaka mtu aitwe, aje, aweke alama ya kidole. Nikamuuliza, kwa dharau, kwa nini. Akasema, "Mais, mutu hayaitika bado, utafuta jina yake juu ya nini?" Yaani, kwa nini nimfute mtu ambaye hajaitika.
Nikahamisha mistari miwili. Kuita kwanza, kufuta na kufunga mwisho. Saa tisa kengele ikalia: Muyisa yuko Beni, mzima. Mama Kaswera akanishika mikono yote miwili, akalia. Nililia pia. Vagheni sikumtaja.

Jumamosi, 17 Machi.
Madame amenipongeza. Mtaalamu kama mimi kuozea hapa? Nimemwandikia Mzee Djuma wa Beni, mwenye malori, nikiomba kazi. Nimengoja jibu dakika ishirini nzima, halikuja. Kisha nimeacha kazi, nimerudisha ufunguo, nimemwambia Madame kwamba kahawa yake ni maji ya kuoshea masufuria.

Jumatatu, 19 Machi.
Vagheni amenikuta barabarani, akanieleza bila hata kucheka. Jibu la Mzee Djuma liliingia leo saa tatu asubuhi: nianze kesho, leo hii nithibitishe. Lakini Madame alifuta jina langu mara tu nilipotoa ufunguo. Beni wakaambiwa hakuna Zorobabel hapa, na Mzee akachukua mwingine. Programu yangu haikuanguka hata kidogo.
Kosa ni la Beni, wanachelewa kujibu. Nimeshamtumia Mzee malalamiko makali. Chumba nimekirudisha kwa mwenye nyumba, na nguo ziko kwenye mfuko, tayari kwa safari ya Beni. Jibu litanikuta njiani.