Nilivyomgawia Bi Hadija Makabila

Ko, ko, ko! Mwiko kwenye mfuniko wa sufuria la pilau. Mpaka saa hizi bado naisikia sauti ile. Jamani, leo nimeanikwa juani kama muhogo.

Nianze mwanzo. Bi Hadija, aliyenifundisha cherehani bure na kunilisha juu yake, anagombea uenyekiti wa kitongoji chetu hapa Mchinga. Kura Jumapili. Alihamia kutoka upande wa Kilwa, mpole, kujinadi hajui. Nikajipa kazi ya kumnadi (hakuna aliyenituma).

Wiki nzima nimezunguka. Si kampeni, ni stori tu: kisimani, sokoni, tukibangua korosho. Kila mtu namkatia stori ya saizi yake, si fundi nguo mimi? Kwa Mama Shaibu, ambaye ni Mmwera, nikachomekea kwamba mama mzazi wa Bi Hadija alikuwa Mmwera. Kwa Bi Somoe, Mmakonde, nikasema alikuwa Mmakonde. Wote wakafurahi. Mimi nishaanza kuota: Bi Hadija mwenyekiti, mimi katibu, mhuri mkononi na kiti cha kuzunguka!

Sasa leo ilikuwa arobaini ya baba yake Mama Shaibu. Kwetu arobaini bila watani hainogi. Wamakonde ni watani wa Wamwera, na Bi Somoe ndiye kinara wao. Alifika asubuhi na mapema, akateka mwiko, akachota jivu jikoni, akaanza kuwapaka Wamwera usoni mmoja mmoja. Eti wamemla mzee wa watu, leo wanagawa pilau ili tusahau. Watu hatuna mbavu. Mimi nacheka huku nakata vitunguu (sijui kinachonijia).

Akafika kwa Bi Hadija. Akampita.

"Huyu simpaki," akasema. "Mmakonde mwenzangu."

Kisu changu kikakwama katikati ya kitunguu.

Mama Shaibu akainua uso, jivu mpaka kwenye kope. "Mmakonde tangu lini? Mama yake Mmwera huyo. Mpake."

"Kakwambia nani?"

"Zuhura."

"Na mimi kaniambia Zuhura."

Zuhura ndiye mimi. Nikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye rundo la kuni. Ndipo mwiko ukalia: ko, ko, ko!

"Zuhura, njoo hapa mbele," akasema Bi Somoe. "Tuhesabie. Huyu mama katoka matumbo mangapi?"

Kisu mkononi, machozi yananitoka (nikasingizia vitunguu). Bi Hadija akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mama yangu Mngindo," akasema polepole. "Na baba Mngindo. Hapa nyote watani zangu."

Akachota jivu, akampaka Bi Somoe uso mzima! Kisha akamwongeza Mama Shaibu. Watu waliangua kicheko mpaka masheikh barazani wakageuka. Halafu wote watatu wakanigeukia mimi. Nimepakwa mpaka masikioni. Adhabu yangu, kusugua masufuria yote ya shughuli, na kila anayepita ananiuliza na yeye leo ni kabila gani.

Baadaye Bi Somoe akaniinamia. "Mwanangu, kura yangu alishaipata siku aliponishonea nguo za eda. Hao mama zako wa nini?"

Mama Shaibu yeye amesema atafikiria. Ndiyo hivyo. Kura moja nimeitia mashakani kwa mdomo wangu, ya mtu aliyekuwa anampenda tayari.

Nikakumbuka kitu. Bibi Mwanahamisi, Mmatumbi, hakuja arobaini kwa sababu ya miguu. Na yeye nilishampitia Jumatano.

Nikamaliza sufuria la mwisho. Sikunawa uso. Nikaenda peke yangu mpaka kwake, nikapiga hodi.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kumpunguzia Bi Hadija mama mmoja."