Shanga za Daktari Heri

Hebu niambie, umeshawahi kuona wanaume wa makamo wamepanga foleni nyuma ya soko la Mlalo, kwenye ukungu wa Julai, kila mmoja akidai anaota jua tu, na jua lenyewe halipo?

Yalianzia mgahawani kwa Saumu. Heri, mtu wa Tanga mjini mwenye viatu vinavyong'aa na ulimi unaong'aa kuvizidi, alikuwa anakunywa chai aliposikia wanaume wawili wananong'ona meza ya pili.

"Siku hizi naona zinapungua," alisema mmoja.

"Za kwangu hata sizitafuti."

Heri akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyepata wito.

Siku ya soko iliyofuata alirudi na koti jeupe, na uzi wa shanga za mbao, kuanzia ndogo kama njegere mpaka kubwa kama yai la kuku. Akakodi stoo ya Saumu. Kazi yake ilikwenda hivi: mgonjwa alivua suruali uani, miguu kwenye saruji yenye umande, upepo ukimpiga panapohusika. Heri alilinganisha korodani na shanga, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee wangu, umri umezila." Kisha akamwingiza stoo, akampa kikombe cha dawa ya moto na kumkalisha kando ya jiko la mkaa mpaka jasho limtoke. Akipimwa tena, lo! Zimeongezeka shanga mbili.

Ni kweli umri hupunguza. Lakini baridi ya Mlalo hupunguza haraka zaidi, na jiko hurudisha. Dawa yenyewe ilikuwa tangawizi. Wanaume walitoka wakitembea wametanua miguu, na chupa ya kunywa nyumbani kwapani.

Sasa Kornelio, mzee wa kanisa, shida yake ilikuwa kinyume. Alikuwa na busha. Upande mmoja ulijaa maji mwaka hadi mwaka mpaka ukafika kama papai, akawa anauficha kwa koti refu la mvua hata kiangazi. Alichotaka hapa duniani ni kupasuliwa tu. Lakini pesa hakuwa nayo, na maneno ndiyo kabisa. Aliwahi kufika hospitali Lushoto. Nesi alipouliza anaumwa nini, akasema kikohozi, akarudi na dawa ya kikohozi.

"Baba Loveness," mkewe Rahabu alimwambia, "kanunue chupa kwa yule daktari."

"Mama Loveness, mimi niongezewe tena?"

"Nunua, usipimwe. Soko lijalo urudi ukamlilie."

Akarudi. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya mbolea. Kornelio akaingia stoo, akafungua koti. Heri akaangusha shanga.

"Daktari, umeniua! Nilikuwa mtu wa kawaida mimi!"

"Shikamoo mzee... punguza sauti. Siyo dawa yangu hiyo. Ile ni tangawizi tu."

"Sema kwa nguvu, wenzangu wasikie."

Nje mtu akaita: "Mzee Kornelio, vipi, inafanya kazi?"

"Inafanya mno! Subirini niwaonyeshe!"

Heri akatazama mlango. Akisema dawa inafanya kazi, basi ndiyo iliyomharibu mzee. Akisema haifanyi, pale nje kuna wanaume wenye majembe. Akamtia mzee mfuko wote wa makusanyo mikononi, akaruka ukuta wa uani, na waliomwona mwisho wanasema alikuwa anapanda njia ya Rangwi, viatu havina tena mng'ao.

Wengine hawakudai chochote. Nani angedai, na aseme alipimwa nini?

Kesho yake Rahabu alimfikisha mumewe hospitali. Mapokezi palijaa watu. Nesi alikuwa binti wa rika la Loveness.

"Shikamoo baba. Unaumwa nini?"

Kornelio akakohoa. Rahabu akamtazama tu.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na benchi zima likasikia. "Nina busha. La siku nyingi. Naomba mnipasue."