Maji ya Hidrojeni ya Konstantini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeijua kazi yangu duniani. Hidrojeni! Nimesoma kwenye simu kwamba watafiti wa nje wanachunguza kama hidrojeni inaweza kuzuia uvimbe wa tezi ya pituitari. Tezi yenyewe ni ndogo kama harage, iko chini ya ubongo, nyuma ya pua. Makala ikasema utafiti bado uko maabara. Hapo nikaacha kusoma. Waandishi waoga wananichosha. Maji yamejaa hidrojeni, hata kidato cha kwanza wanajua. Na Babati tuna ziwa zima! Mke wangu, Irine, ameuliza kama hili ni kama lile wazo langu la sungura. Hana maono.

Jumatano, 4 Juni

Mashine imekamilika! Betri ya pikipiki, vijiti vyeusi vya ndani ya betri za redio, ndoo, chumvi ya kuongeza nguvu. Mapovu tele. Irine alitoka nje akikohoa, eti maji yananuka dawa ya kung'arishia nguo. Nikamweleza ndiyo harufu ya sayansi. Nilimpelekea chupa moja Luqmani, mwenye duka la dawa karibu na stendi. Alinusa, akasema ataipanga chupa yangu pamoja na sabuni za choo. Wivu mtupu. Koti jeupe limemlevya.

Ijumaa, 6 Juni

Mgonjwa wa kwanza! Dada yangu mkubwa, Xaveria, kaja kutoka Bonga. Kichwa kinamuuma tangu mwaka jana. Vidole vimenenepa mpaka pete ya ndoa ikakatwa, na sasa anavaa viatu vya shemeji. Mbele anaona, pembeni giza. Aligonga bega mlangoni, akamlaumu fundi. Daktari anamtaka hospitali ya rufaa Jumatatu, apigwe picha ya kichwa. Madaktari na picha zao! Nikamwambia aahirishe, anywe maji yangu kwanza.

Alinitazama sana. "Konsta mdogo wangu, una uhakika?"

Nikasema nimesoma. Akabeba dumu. Mwanamke mwenye akili, kanifuata mimi.

Jumatatu, 9 Juni

Dada hakwenda hospitali. Ushindi! Nimepita mbele ya duka la Luqmani mara tatu nikipiga mluzi.

Alhamisi, 12 Juni

Dada kagongwa na bodaboda Bonga. Alikuwa anavuka barabara ya Dodoma. Pikipiki ilitokea ubavuni, hakuiona kabisa. Akarushwa mtaroni. Mkono umechubuka, mfupa uko salama. Luqmani alifunga duka, akamchukua yeye na Irine kwa gari lake mpaka hospitali. Kujionyesha tu.

Irine kapiga simu jioni. Picha imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari, unakandamiza mishipa ya macho. Daktari kasema angechelewa zaidi angepofuka. Kisha Irine akauliza ni nani aliyemwambia dada asubiri. Mtandao ulikuwa mbaya. Niliukata mimi, lakini ulikuwa mbaya.

Ugali umenishinda. Bila shaka ni huo unga wa Irine.

Jumanne, 24 Juni

Wamemtoa uvimbe kupitia puani. Puani! Miaka yote ya chuo, kisha wanafanya kazi ya leso. Nilisubiri nje nimeshika viatu vyake, vile vikubwa vya shemeji. Nesi aliponiambia dada ameamka, machozi yalinitoka. Zile dawa za kusafishia sakafu ni kali.

Jumamosi, 12 Julai

Dada karudi nyumbani Bonga. Luqmani aliingia kwa mlango wa pembeni, na dada, bila hata kugeuza shingo, akamwambia karibu kiti. Watu walipiga vigelegele. Shemeji alilia hadharani.

Nikasimama. Nikawakumbusha wageni nani alianza kuulainisha uvimbe. Dada akasema alionja funda moja tu, likamchoma koo. Maji yaliyobaki alilowekea vitambaa vya kanisani, vikawa vyeupe ajabu. Luqmani alicheka mpaka akashikilia nguzo. Kicheko cha mtu asiyesoma makala.

Wacheke. Mimi nimeshaona kosa lilipokuwa. Tezi iko nyuma ya pua, madaktari wenyewe wamepita puani, na mimi nilikuwa nawanywesha watu kwa mdomo! Kesho natafuta mipira myembamba na faneli. Irine ana mafua tangu juzi. Tutaanza naye.