Mashine Nyembamba na Mizani ya Zabibu

Jamani, nimejianika. Tena nimejianika mchana kweupe, hapa hapa Miyuji, na mashahidi niliwaita mwenyewe. Naandika haraka kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana wao wataongeza chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo ya kutosha.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Mimi ni karani wa masjala mahakamani. Mwaka wa kumi na moja huu napokea vielelezo: mapanga, redio za wizi, baiskeli, na mara moja mbuzi (alikula hati ya mashitaka, kesi ikaahirishwa). Kwa hiyo mtu akitaka kunitapeli huwa namwonea huruma. Ndivyo nilivyokuwa najidanganya mpaka leo saa nne asubuhi.

Nyumbani tulikuwa na mashine ya gemu, ile nene, inayounguruma. Tulimnunulia binti yetu Neema. Neema yuko shule ya bweni tangu mwaka juzi, na mashine haijawahi kupata likizo. (Msiniulize.) Mume wangu anacheza mpira, mimi naendesha magari. CD zetu nyingi ni za zamani, za mashine iliyotangulia hiyo, na ile nene ilikuwa inazipokea zote bila maneno. Wiki iliyopita ikazima moja kwa moja. Kwa vumbi hili la Dodoma na umeme huu wa kukatika, ilikuwa imejitahidi.

Jana jioni nikaenda dukani kwa Shabani. Shabani anauza vitu vya umeme mtaani kwetu, pamoja na mkewe Zuhura. Huyu Zuhura mumweke akilini. Nilipojifungua Neema, mama yangu alikuwa kijijini Kolo amekosa gari, na ni Zuhura aliyekaa nami wodini siku nne, ananilisha uji kwa kijiko. Krismasi anakula kwangu, Idd nakula kwake. Ananiita dada. Mjini hapa sina mwingine wa namna hiyo.

Shabani akaniletea boksi. "Shemeji, mashine ni ile ile, ila hii wameipunguza. Nyembamba, haipigi kelele, haili umeme."

Nikasema safi. Nikaondoka nayo.

Leo Jumamosi, chai haijapoa, nikaweka CD ya magari yangu. Maandishi yakaja kwenye runinga: haisomeki. Nikaifuta kwa kanga. Haisomeki. Nikaweka ya mpira wa mume wangu. Haisomeki. Nikaweka nyingine, na nyingine, mpaka sakafu ikajaa. Mwisho nikajaribu moja mpya, ile tuliyonunua mwaka huu, ikacheza vizuri kabisa, na muziki juu.

Hapo akili ya masjala ikaamka. Inasoma mpya, inakataa za zamani. Maana yake kuna kidude ndani kilichokuwa kinasoma za zamani, na hicho kidude hakimo. Kimetolewa. Na nani aliyekuwa nayo kabla yangu?

"Mpigie Shabani simu umuulize," mume wangu akasema. Alikuwa anavaa viatu aende shambani Nzuguni.

"Mshitakiwa hapigiwi simu akaficha ushahidi."

"Mshitakiwa? Mama Neema! Si mume wa Zuhura huyo?"

"Sheria haina Zuhura."

"Basi angalau soma boksi," akasema, akaenda zake. (Wanaume wana tabia ya kusema jambo la maana halafu wanaondoka.)

Sikusoma boksi. Boksi lina maandishi ya Kizungu pande zote, madogo, yale ya usiloweshe, usitupe motoni. Nilichofanya ni kuchukua karatasi mbili, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito. KIELELEZO A nikabandika kwenye mashine nene iliyokufa. Nyembamba nikairudisha kwenye boksi lake, nikabandika KIELELEZO B ubavuni, kwa gundi ya kutosha. Nikajifunga kanga kiunoni, nikabeba vyote viwili, nikatoka.

Kwa sababu dhana haitoshi, nilipitia kwanza kwa mama anayeuza zabibu pale njia panda. Ana mizani nzuri. Nikamwomba anipimie. Akatoa zabibu, akaweka KIELELEZO A. Akaandika kwa kidole hewani. Akaweka KIELELEZO B.

"Hii imepungua kilo karibu mbili," akasema.

"Rudia."

Akarudia. Kilo karibu mbili. "Mama Neema," akanong'ona, "hapa mtu kala."

Jamani, mnajua wenyewe. Sisi hapa kitu orijino ni kizito. Pasi, betri, jiko, hata simu, kwanza unaipima mkononi. Kikiwa chepesi ni feki au kimechokonolewa. Wateja watatu wa zabibu walikuwepo, na wote watatu walitikisa kichwa. Nikajisikia kama nimeshinda rufaa.

Kutoka pale nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mlewa. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kabla ya kustaafu, na tangu siku hiyo anatafuta kitu cha kusimamia. Nikamkuta anachambua karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini na mizigo yote hiyo?"

Nikaeleza. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti, na jua lile! Tukaondoka. Nilipogeuka, nyuma yetu alikuwepo mama wa zabibu na mizani yake, na wale wateja watatu, na watu wengine sita ambao hata siwajui. Na mimi njiani sikunyamaza. Kila aliyeuliza nilimjibu, tena kwa sauti: "Shabani kachomoa spea!"

Tulipofika dukani, Mzee Mlewa akasimama mlangoni. "Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo. Tukasalimiana wote kama kawaida, habari za nyumbani, habari za kazi, habari za jua. Shabani akatoa benchi. Anatabasamu maskini, anadhani ameletewa wateja.

"Mlalamikaji, sema," akasema Mzee Mlewa.

Nikasema. Nilianza na tarehe ya jana, nikaja kwenye CD, nikaja kwenye mizani. Nikaamuru mizani iwekwe juu ya kaunta, tukapima upya mbele ya mshitakiwa. Watu wakasema "aaah!" kwa pamoja. Utamu ukanipanda kichwani. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Shabani," nikasema, "wazee wenu walikuja hapa na misafara, mizigo begani, kwa miguu kutoka pwani, na mizigo ilifika kamili! Wewe unatoa mashine Dar es Salaam kwa basi, inafika imepungua kilo mbili?"

Watu wakacheka. Shabani hakucheka. Tabasamu lilimtoka taratibu.

"Shemeji, unaniita mwizi?"

"Mimi sikuiti. Mizani ndiyo inayokuita."

Pazia la nyuma ya duka likafunuliwa, akatoka Zuhura. Alikuwa amesikia yote. Nilitegemea atanifokea, nikajiandaa. Hakunifokea. Alisema tu, polepole, "Dada, umesema inakataa CD za zamani?"

"Zote."

Akamgeukia mumewe, akamtazama. Shabani akatazama kaunta. Mimi nikasema moyoni, umeona, hata mkewe anajua!

Mzee Mlewa alikuwa amelichukua boksi, analigeuza huku na huku, miwani puani. Akaparuza kona ya karatasi yangu kwa ukucha.

"Mama Neema, chini ya kielelezo chako kuna maandishi."

"Ni ya usiloweshe, mzee."

"Hapana."

Akaanza kubandua. Gundi yangu ilikuwa nzuri, kwa hiyo alibandua muda mrefu, na watu wote walisogea. Akasoma kwanza Kizungu chake cha reli, kimya, midomo ikicheza. Akasoma tena. Kisha akasema kwa sauti ile ya kutangaza treni:

"Imeandikwa hapa: mashine hii haichezi CD za mashine iliyoitangulia."

Akashusha miwani, akanigeukia.

"Kidude unachosema kimetolewa, mwanangu, kimetolewa kweli. Ila waliokitoa ni wenye kiwanda. Ndiyo maana ikawa nyembamba. Ndiyo maana ikawa nyepesi. Na wameandika. Na wewe umebandika karatasi juu yake."

Mama wa zabibu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mizani isianguke. Halafu wakacheka wote, na wale sita nisiowajua wakacheka kuliko wote. Mimi, karani wa vielelezo, nimeziba ushahidi kwa gundi yangu mwenyewe! Nimetembea nao kwapani mtaa mzima! Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Dodoma ni ngumu mnaijua.

Wala kicheko si kitu. Nilimtazama Zuhura. Nimemwita mumewe mwizi barabara nzima, nimewaingiza na wazee wao, na balozi nimeleta. Nikaona Idd yangu imekwisha, na Krismasi. Nikaona atakuwa akipita mlangoni kwangu ananisalimia kama anavyosalimia watu wa bima. Nikafungua mdomo niombe radhi.

Zuhura alikuwa amejishika kaunta, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikamsogelea.

Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka machozi, hawezi kusimama.

"Dada," akasema, akivuta pumzi, "na mimi ninayo! Ndani! Alileta mbili kutoka Dar, moja yetu. Wiki nzima inakataa CD zangu za zamani. Wiki nzima namwambia Shabani, umeiangusha, umeifungua, umeiharibu, sema ukweli!"

"Na mimi wiki nzima naapa!" Shabani akalipuka. "Naapa sijaigusa! Nikadhani CD zetu zimechubuka, nikazipaka hadi dawa ya meno! Mke wangu haniamini, ugali ananipimia, halafu leo shemeji ananiletea mizani!"

"Boksi lako hukusoma?" akauliza Mzee Mlewa.

Shabani akanyoosha kidole nyuma. Kwenye rafu nyuma yake yalikuwa yamepangwa maboksi mpaka darini.

"Mzee, mimi nauza. Nikisoma yote haya nitauza saa ngapi?"

Hapo hata mimi nilicheka. Nilicheka vibaya, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Zuhura akazunguka kaunta akanikumbatia, tukacheka wawili, watu wakadhani tumerogwa.

Mzee Mlewa akagonga benchi, akatoa hukumu yake. Shabani amekosa kwa kuuza asichokisoma, na ataisoma hiyo sentensi kwa kila mteja kuanzia leo. Mimi nimekosa kwa mdomo, na mdomo ndio utakaolipa: nirudi kwa njia ile ile niliyojia, kwa sauti ile ile niliyotumia, niseme Shabani si mwizi. Mpaka njia panda.

"Mzee, jua hili?"

"Ulipokuja nalo halikukuzuia."

Nikarudi. Zuhura alinishika mkono njia nzima, na kila sauti yangu ikishuka alinifinya. "Shabani si mwizi!" Mafundi baiskeli wakapiga makofi. "Shabani si mwizi!" Mchungaji wetu alikuwa anapita na pikipiki, akapunguza mwendo asikie vizuri. (Kesho ni Jumapili. Nitakaa kiti cha nyuma.) Kwa kweli aibu ilinichoma, lakini ule mkono ulikuwa umenishika, na kila nilipoutazama nilijisikia mwepesi kuliko hiyo mashine.

Shabani amesema kama nataka niirudishe. Nimekataa, nitaizoea. Ile nene ameibeba kwa fundi anayemwamini, aitoe vumbi, kama itafufuka ifufuke. Mume wangu amerudi kutoka Nzuguni, amekuta habari imemtangulia. Ameuliza neno moja tu: "Ulisoma?" Nimempa chakula, amekula.

Sasa hivi nawaandikia nikiwa sebuleni kwangu. Zuhura yuko pembeni, amekuja na sahani ya vitumbua, anasoma kila ninachoandika. Amesema niongeze kwamba pale dukani nililia. Mimi sikulia. Amesema ataita mashahidi. Haya, nililia kidogo. Mnaotaka kucheka chekeni, ila asicheke mtu kumzidi dada yangu huyu hapa, maana yeye hajanyamaza tangu saa nne.